Kijana ana kipato, bado yuko kwa wazazi: achangie nini?

Mdadisi: Wakuu, kijana wa miaka 24 ameanza kazi na bado anaishi kwa wazazi. Mchango wa nyumbani unapangwaje bila kuzua ugomvi? Na akirudi usiku wa manane?

Kibubu: Msianze na asilimia ya mshahara, hapo wengi hukosea. Chukueni bili za miezi 3 iliyopita: umeme, maji, intaneti, chakula. Tafuteni wastani wa mwezi, mgawanye kwa idadi ya watu wazima. Wakiwa 4, robo ndiyo sehemu yake. Kisha achague bili zinazokaribia kiasi hicho azilipe mwenyewe moja kwa moja. Fedha ya kukabidhiana mkononi husahaulika, na baadaye kila upande una hesabu yake.

Jirani Mwema: Naongezea kwa Kibubu. Kama anaweka akiba ya kuhama, wekeni tarehe na kiasi. Bila tarehe, mzazi huona uvivu na kijana huona anafukuzwa.

Kuhusu usiku: awe na ufunguo wake, na atume ujumbe mapema, kabla watu hawajalala: "Nitachelewa, msinisubiri." Mara nyingi mzazi hakasirishwi na saa yenyewe. Anakosa usingizi kwa sababu hajui kama mlango utiwe komeo au la.

Mdadisi: Na kufua je?

Kibubu: Afue zake. Hilo halihitaji kikao.