MJADALA: Malta wana haki ya kupiga hua anayerudi kutaga?

Mleta mada:

Wakuu, Malta watu wamegombana miaka na miaka kwa sababu ya ndege wawili, hua na kware. Ugomvi umepita bungeni, mahakamani, mpaka kwenye sanduku la kura. Naleta hapa tuchambue.

Hua na kware wa Ulaya hukimbilia Afrika wakati wa baridi. Ikifika Aprili huvuka Sahara na bahari kurudi kaskazini kutaga, na wengine hupitia Malta, kisiwa kidogo kusini mwa Sisilia. Mwindaji huko jua humkuta tayari yuko kwenye kibanda chake cha mawe pembeni ya shamba, bunduki mkononi. Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, na baba na babu.

Malta ilijiunga na Umoja wa Ulaya 2004 ikakuta sheria ya 1979 inayokataza kuwinda ndege wanaorudi kuzaliana. Serikali ikaendelea kufungua msimu kwa kutumia kipengele cha ruhusa maalumu. Mwaka 2009 Mahakama ya Haki ya Umoja huo ikasema Malta ilivunja sheria katika misimu ya 2004 hadi 2007. Ila majaji hao hao walikubali kwamba vuli (kuanzia Septemba), msimu wa kawaida wa kuwinda, ndege hao hupita wachache sana, kwa hiyo hoja ya wawindaji kwamba Aprili ndiyo nafasi yao haikuwa ya kubeza. Kila upande ulichukua kipande chake cha hukumu ukashangilia.

Ndipo wapinzani wa uwindaji wa Aprili wakakusanya saini zaidi ya 40,000 kudai kura ya maoni. Wawindaji nao wakakusanya zaidi ya 100,000, wakitaka kura ya wengi isitumike kufuta haki ya wachache. Tarehe 11 Aprili 2015 watu zaidi ya 250,000 walipiga kura, na msimu ukaponea kwa tofauti ya kura 2,220 tu! Haikupita hata mwezi, ndege mmoja wa jamii ya kozi, ambaye haruhusiwi kuwindwa kabisa, akapigwa risasi na kuangukia uwanja wa shule, wanafunzi wakiwepo. Waziri Mkuu Joseph Muscat, aliyekuwa ametangaza kuwaunga mkono wawindaji, akafunga msimu siku tatu kabla ya wakati.

Msimamo wangu: uwindaji wa vuli sina ugomvi nao. Wa Aprili sikubaliani nao. Hua aliyefika Malta Aprili ameshaponea jangwa na bahari. Huyo ndiye mzazi wa mwaka ule. Tena ni mpita njia. Wamalta walipiga kura juu ya kitu ambacho si chao peke yao.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, umeruka historia. Mwaka 1530 mfalme Karolo wa Tano aliwapa Malta wale watawa wanajeshi wa Mtakatifu Yohane, kodi yake kozi mmoja kila mwaka. Mwananchi hakuulizwa. Karne ya 18 mkuu wao, Ximenes, akapiga marufuku kuwinda sungura na watu wakachukia kwelikweli. Leo mchuzi wa sungura ndio chakula cha kujivunia cha kisiwa kizima. Sasa ukimletea mtu wa kijijini kule amri nyingine ya kutowinda, safari hii kutoka Brussels, makao makuu ya Umoja wa Ulaya, unategemea apige makofi? Halafu anayemmaliza hua hasa ni kilimo cha Ulaya: dawa zinaua magugu, hua anakosa mbegu za kula. Mbona wakulima wa Ufaransa na Uingereza hawapigiwi kura?

Mchangiaji wa pili:

Mimi swali langu dogo. Hua mzima hazidi gramu 170, na hapo bado hujanyonyoa. Hiyo ni njaa au ni starehe?

Mleta mada:

Ni starehe, na wawindaji wenyewe hawafichi. Kwangu hilo si kosa, hata mpira ni starehe.

Hoja ya Ximenes ni nzito. Ila enzi zile mabwana walikuwa na msitu wao wa kuwindia, Buskett, wakati maskini anakatazwa. Marufuku ya Aprili ingembana tajiri na maskini sawasawa. Kuhusu kilimo uko sahihi kabisa, na ndiyo maana hua aliwekwa 2015 kwenye orodha ya ndege walio hatarini duniani. Kama makazi yake yanaisha, si ndio sababu zaidi ya kuwaacha wazazi waliobaki wapite? Malta yenyewe ilisimamisha uwindaji wa hua wa Aprili kuanzia 2017. Mwaka 2022 ikaufungua tena kwa kikomo cha hua 1,500, na hesabu inategemea mwindaji mwenyewe atoe taarifa ya alichopiga. Anayeutetea utaratibu huo anijibu: hua wa 1,501 akianguka nyuma ya ukuta wa shamba, nani atamtaja?