Shangazi apige simu kabla ya kuja? Adabu za London zimefika Barabara ya 12

Mleta mada, Ngamiani

Wadau, habari za saa hizi. Hapa Tanga kuna kesi. Haijafika kwa mjumbe, lakini kwa mwendo huu itafika.

Mpwa wangu yuko likizo, katoka London, huu ni mwaka wake wa 4 kule. Jumamosi shangazi yake alipanda Hiace ya alfajiri pale Muheza na nusu gunia la machungwa, saa 2 kasoro yuko mlangoni Barabara ya 12. Kijana akatoka chumbani na taulo begani, akaamkia vizuri kabisa, shikamoo na mkono akaubusu, halafu akasema: "Shangazi, siku nyingine ungepiga simu kwanza." Shangazi hakujibu neno. Alikunywa chai nusu kikombe, akaaga. Gunia likabaki uani, hata kamba halijafunguliwa.

Sasa baraza la kahawa limegawanyika. Wako wanaosema kijana kaleta majivuno ya Ulaya, na wako wanaosema alilosema ni kweli ila kalisemea mahali pabaya. Na swali limekua kuliko shangazi: hawa watoto tunaowaaga kwenda kusoma na kutafuta riziki kwenye miji mikubwa ya watu, tunataka wazishike adabu za huko au wazivumilie tu? Na wakizishika, warudipo wazivulie wapi? Uwanja wa ndege? Methali ya mwenye chongo na ile ya mwacha mila zimeshatumika barazani mpaka zimechakaa, naomba hapa tuzipumzishe.

Naanza na yangu. Nilikaa London miaka 9. Siku ya kwanza nilipanda ngazi za umeme kwenye stesheni ya treni za chini ya ardhi, begi nimeliweka kushoto kwangu, mimi mwenyewe katikati kama niko sokoni Tangamano. Kule anayesimama husimama kulia, kushoto ni njia ya wenye haraka. Nyuma yangu mtu akasema "sorry". Nikageuka nikamwambia hakuna neno, nikabaki pale pale. Akarudia. Nikamjibu kwa upole zaidi, usijali ndugu yangu. Mara ya tatu kaisema kwa meno yaliyobana, na nyuma yake foleni imeshajaa. Kwetu sori ni ya mtu aliyekukanyaga, kwa hiyo mimi nilikuwa bado nasubiri kujua kanikanyaga wapi. Kumbe pole, samahani, hodi na nipishe wenzetu wamezitia kwenye neno moja, na unatakiwa kuzitambua kwa sauti tu.

Asubuhi ya kwanza ya kazi nikasalimia behewa zima. Mama mmoja akauvuta mkoba wake. Nilidhani ni rangi yangu, na siku nyingine kweli ilikuwa ni rangi, tusidanganyane. Lakini baadaye nikawaona wanavyonyamaziana wao kwa wao, majirani wa mtaa mmoja, kila siku treni ile ile. Jiji lile lina watu karibu milioni 9. Chukua salamu ya Tanga, habari za asubuhi, za nyumbani, watoto hawajambo, mzee anaendeleaje, hiyo ni nusu dakika ukiwa na haraka. Behewa la watu 100 ni dakika 50, na stesheni yako imeshapita. Mmebanana, pua yako iko kwapani kwa mtu usiyemjua. Mnachoweza kupeana hapo ni kutotazamana. Miaka miwili niliuona ule ukimya kuwa ni ubaridi. Mwaka wa tatu nikaujua jina: stara.

Ndiyo maana nasema kijana hakuleta kitu kigeni. Sisi watu wa pwani tumefundishwa hodi ni 3, ya tatu isipojibiwa unageuka unarudi, na hununi. Simu kabla ya kwenda ni hodi iliyopigwa kutoka mbali. Kosa lake ni kumwambia shangazi. Nawasilisha.

Mama wa Makorora

Mleta mada, umeandika vizuri ila hodi usiiguse. Hodi hupigwa na mtu aliyekwisha kufika, vumbi la njia liko miguuni, na jibu lake ni karibu. Hiyo simu yako jibu lake ni "ngoja niangalie ratiba". Ni vitu viwili.

Nami nina mwanangu huko huko kwenu. Zamani nikimkumbuka nampigia. Mwaka jana akaniambia, mama, kabla ya kupiga nitumie ujumbe uniulize kama nina nafasi. Nikamuuliza, yaani hata simu sasa inapigiwa hodi? Akacheka, mimi sikucheka. Kwa hesabu yenu shangazi wa Muheza atume ujumbe, aombe ruhusa ya kupiga simu, apige simu, aombe ruhusa ya kuja, ndipo apande Hiace. Machungwa yatakuwa yameoza.

Kijana wa Duga

Hapo kwenye stara ndipo uliponipoteza, mkuu. Mtu asiyekutazama hajakusitiri, hajali tu. Nauliza swali moja: ukianguka kwenye hilo behewa la stara, nani anakuokota?

Mleta mada, Ngamiani

Kijana wa Duga, umeuliza mtu aliyeanguka.

Juni 2016, Ramadhani. Kule Juni jua huzama saa 3 na dakika 20 hivi usiku, na daku lazima umalize kabla ya saa 9. Natoka zamu ya mchana, treni imejaa, joto, macho yakaingia giza. Nilipofumbua nimeshakalishwa kwenye kiti ambacho sikukiomba. Mmoja ananipepea na gazeti, mwingine kanifungulia chupa ya maji, nami natikisa kichwa sinywi, na hakuna aliyenilazimisha. Stesheni iliyofuata jamaa mmoja wa makamo, tai shingoni, kanishika kiwiko tukashuka wote. Treni ikaondoka bila yeye. Akakaa nami kwenye benchi mpaka mfanyakazi wa stesheni akafika, akamweleza alivyoniona, akatazama saa, akapanda treni nyingine. Hakuniambia jina lake wala hakuuliza langu.

Angekuwa mtu wa Tanga angenifikisha mpaka nyumbani, angekaa afuturu, na mpaka leo tungekuwa ndugu. Sikatai. Lakini usiseme hawajali.

Dada wa Makorora, kwa sasa London

Naandika nikiwa kwenye basi, natoka kazini. Mimi ni mlezi, nawahudumia wazee majumbani kwao. Shikamoo kwa mama wa Makorora, nadhani tunafahamiana.

Kilichonishinda mimi ni majina. Bibi wa kwanza niliyepangiwa ana miaka 84. Siku ya kwanza ananiambia nimuite kwa jina lake. Jamani, mtu ana umri wa bibi yangu mzaa mama, nimuite kavu kama namuita mwenzangu wa kuteka maji! Wiki nzima nilikuwa nakohoa kwanza ili ageuke, ndipo niseme. Akanishtukia. Akauliza, kwenu mtu kama mimi angeitwaje? Nikamwambia Bibi. Akaijaribu mdomoni mara mbili tatu. Tangu hapo ni Bibi, na wajukuu zake wakija wanamuita hivyo hivyo kwa utani.

Ila naye kanifundisha lake. Mimi nilizoea kumshika mzee mkono na kumuinua, ndiyo heshima yenyewe. Akanisimamisha: niulize kwanza. Kila siku nauliza, nikushike? Na kila siku anasema ndiyo. Kuna siku moja alisema hapana, akainuka mwenyewe kwa dakika 4, nimeziangalia kwenye saa ya ukutani. Niliona uso wake. Siku hizi sishiki kabla ya kuuliza.

Halafu hayo mambo ya viti. Huku mtu kumwambia mwenziwe "inuka" ni taabu kubwa kiasi kwamba mamlaka ya usafiri ikatoa beji. Mjamzito ana beji yake, na tangu 2017 mwenye maradhi yasiyoonekana naye ana yake, imeandikwa anaomba kiti. Unaitundika kifuani unanyamaza, wanaokuona wanainuka. Kwetu beji ni mdomo wa konda: "Wewe kijana, mpishe mama mja mzito, au na wewe una mimba?" Daladala zima linacheka, kijana anainuka. Mimi nikiwa na mimba ya mwanangu wa kwanza ningependa beji kuliko konda. Nasema ukweli wangu.

Mwalimu wa Mabawa

Kidogo tu kuhusu lugha, maana vijana wetu wanaitwa hawana adabu kwa kosa lisilo lao. Adabu ya Kiswahili imo ndani ya kitenzi. Naomba maji. Nipatie kidogo. Nisaidie hiyo kalamu. Tafadhali twaijua, lakini mtu akikwambia "tafadhali" dukani Ngamiani unajiuliza umemuudhi nini, au yeye ni tangazo la redio. Sasa kijana anafika mgahawani kule, "nipatie maji" anaigeuza neno kwa neno, inatoka kama amri ya jeshini. Mwenye mgahawa anamkunjia uso. Wao adabu wanaipachika nje ya kitenzi, "please" mwanzoni au mwishoni, na ukiisahau umevua nguo. Hilo litafundishwa kwa nusu saa kabla mtoto hajapanda ndege, wala halimpunguzii utu. Ya shangazi ni kesi nyingine, siingii.

Mzee wa Chumbageni

Wanangu, nimekuwa baharia. Mnaongea London kana kwamba ndiyo dunia. Hizo ngazi za umeme nimezipanda Japani. Tokyo wanasimama kushoto, wanaacha kulia. Ukishuka Osaka, nchi ile ile, lugha ile ile, wanasimama kulia. Nimesukumwa miji yote miwili. Sasa adabu isiyovuka hata kutoka mji mmoja kwenda wa pili, mnataka ivuke bahari ifike mpaka Muheza kwa mwanamke mwenye machungwa? Adabu ya bandari huishia bandarini. Ukipanda meli unaiacha hapo hapo, utaikuta ukirudi.

Mleta mada, Ngamiani

Shikamoo mzee wangu. Hapo umenishika, na naongeza kuni mwenyewe. Nikiwa bado kule, mwishoni mwa 2015 na tena 2016, wenye treni walijaribu stesheni ya Holborn watu wasimame pande zote mbili, kwa kuwa ngazi ni ndefu na wanaopanda kwa miguu ni wachache. Hesabu ikawakubali: saa za msongamano watu wengi zaidi walipita kwa dakika. Abiria wakanuna. Kuna waliogombana na wafanyakazi pale pale. Jaribio likaisha, kushoto kukarudi kuwa njia ya wenye haraka. Kwa hiyo hata wao wenyewe hawaifuati kwa sababu ina faida. Wanaifuata kwa sababu ni yao. Sasa mimi niliyekuwa nasema kijana ana hoja ya stara, naona hoja imebaki nusu.

Mama wa Makorora

Ibaki nusu hiyo hiyo, inatutosha. Dada wa London, kama ni wewe ninayekudhania, mama yako anauliza mbona hupigi.

Dada wa Makorora, kwa sasa London

Mwambie anitumie ujumbe kwanza. 😂 Natania mama, nampigia usiku huu.

Kijana wa Duga

Mleta mada, tupe mrejesho. Kijana kaenda kuomba radhi au vipi?

Mleta mada, Ngamiani

Alikwenda juzi Muheza na bodaboda, kanga doti mbili mkononi. Hakupiga simu. Hakumkuta shangazi, kaenda shambani, kijana akamsubiri kibarazani mpaka adhuhuri. Walichozungumza sikijui, kijana karudi amenyamaza na ndizi mkungu mzima.

Leo saa 3 asubuhi shangazi kapiga simu kusema anakuja, kama alivyoambiwa. Alikuwa ameshafika Pongwe.