Mkopo wa simu uliofika hadi kwa wakwe: tupeane uzoefu

BintiKange
Leo asubuhi nimepokea ujumbe kutoka namba nisiyoijua, ukinieleza kwamba jirani yangu wa zamani ni tapeli na kwamba mimi ni mdhamini wake. Umenikumbusha yaliyonipata mwaka 2023. Mliokumbwa na hii kausha damu ya kwenye simu, yaani mikopo ya riba ya kuumiza, naomba tupeane uzoefu.

Mama Nasra
Yangu yalinikuta msibani. Nilikopa shilingi 80,000 za dawa ya mtoto, wakakata riba papo hapo nikapokea 52,000, na nikatakiwa kurejesha 80,000 zote ndani ya siku saba. Wakati wa kujisajili, programu iliomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu, na ukikataa haiendelei, nami nikabonyeza "Kubali". Siku ya nane tumekaa mkekani, baba mkwe tumemzika jana yake, mara simu zikaanza kulia moja baada ya nyingine: ya wifi, ya mjumbe, ya mwalimu wa madrasa. Wifi hakusema neno. Alinigeuzia kioo, nikaiona picha yangu nimeshika kitambulisho, na juu yake maandishi mekundu: MWIZI. Mama mkwe hajui kusoma, kwa hiyo alimwomba mjukuu wake amsomee, na mtoto akasoma kwa sauti.

Fundi Saidi
Pole sana, dada. Kwangu walimpigia hadi mwajiri.

Mkweli Dodoma
Poleni, lakini dawa ya deni ni kulipa. Isitoshe, ruhusa mliitoa wenyewe.

Mama Nasra
Nililipa siku ya kumi, tena na faini juu yake. Deni lilikuwa langu, kaka, ila namba ya mama mkwe ni yake. Hakukopa, hakubonyeza chochote, na mimi sina mamlaka ya kukubali kwa niaba yake.

Mkazi wa Kisumu
Huku Kenya, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kuwasumbua watu waliomo kwenye simu ya mkopaji. Hata hivyo, mimi nilipigiwa baada ya hapo kwa deni la binamu yangu.

Fundi Saidi
Futeni programu, badilisheni laini, yaishe.

BintiKange
Hayaishi, kwa sababu majina yameshahamia kwao, na ukibadilisha laini watawageukia ndugu zako. Piga kwanza picha za skrini za kila ujumbe, namba na tarehe vionekane. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Itazame orodha hiyo kabla hujakopa.

Mkweli Dodoma
Je, mtu ambaye hakukopa, kama huyo mama mkwe, anaweza kulalamika?

BintiKange
Anaweza, kwa kuwa taarifa zilizotumiwa ni zake. Mimi mwenyewe naandika malalamiko yangu sasa hivi kuhusu ujumbe wa asubuhi, na jirani nimeshampigia kumweleza kwamba simlalamikii yeye.