Nitajuaje kama tovuti inaaminika? Miaka ya meli ya Liemba imenichanganya

Mwanafunzi wa Kigoma

Shikamooni walimu, na habari za jioni ndugu zangu. Ninasoma kidato cha tano hapa Kigoma. Tulipewa kazi ya kuandika kuhusu usafiri katika Ziwa Tanganyika wakati wa ukoloni, nami nikachagua meli ya Liemba, kwa kuwa nimekua nikisikia habari zake nyumbani. Nilitafuta kwenye simu. Tovuti ya kwanza ilisema meli hiyo ni ya mwaka 1913, ya pili ikasema 1915, ya tatu 1927. Niliandika 1913, kwa sababu tovuti hiyo ndiyo iliyokuwa na picha nzuri na maandishi yaliyopangika, na tena niliukuta mwaka huohuo kwenye tovuti nyingine nne. Mwalimu aliporudisha daftari, alikuwa ameuzungushia mwaka huo duara kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni, "Umeutoa wapi?" Sikuwa na jibu, maana hata jina la aliyeandika ukurasa ule silijui. Naomba mnielekeze: mtu anayesomea kwenye simu, tena kwa bando la kubana, ataipimaje tovuti?

Mkutubi, Tabora

Marahaba, mwanangu. Kosa hilo huwapata hata waliosoma kuliko sisi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, Sam Wineburg na Sarah McGrew, walieleza jinsi walivyowapa tovuti za kupima watu wa makundi matatu: wanahistoria wenye shahada ya uzamivu, wanafunzi wa chuo hicho, na wahakiki wa taarifa ambao kazi yao ya kila siku ni kuchunguza ukweli wa habari. Wanahistoria na wanafunzi mara nyingi walibaki palepale, wakiupandisha na kuushusha ukurasa, wakitazama nembo, mpangilio na anwani, na wengi wao walidanganyika. Wahakiki hawakukaa. Waliutupia ukurasa jicho, wakatoka, wakafungua kurasa nyingine ili kujua watu wengine wanasema nini juu ya wenye tovuti ile, na ndipo wakarudi kusoma. Walipata jibu sahihi, tena kwa muda mfupi zaidi.

Jaribio mojawapo lilihusu vyama viwili vya madaktari wa watoto vya huko Marekani, vyenye majina yanayokaribiana na tovuti nadhifu zote mbili. Kimoja kilianzishwa mwaka 1930 na kina makumi ya maelfu ya wanachama. Kingine ni kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002. Ukizisoma tovuti zenyewe tu, huwezi kuiona tofauti hiyo, kwa sababu kila mmoja amejieleza kwa uzuri. Mgeni akihamia mtaani kwako, humuulizi yeye mwenyewe kama ni mwaminifu. Unawauliza waliokaa naye.

Kwa hiyo likandamize jina la tovuti, linakili, kisha litafute kwenye kichupo kipya. Bando lako litatumika kidogo kuliko kusoma kurasa tano zisizo na mwenyewe. Wikipedia nayo usiikimbie, ila usiishie kwenye maelezo yake: shuka hadi tanbihi za mwisho, uone kila mwaka umetolewa kwenye kitabu gani.

Mwalimu wa Historia, Ujiji

Naongeza jambo ambalo Mkutubi hakuligusa, nalo ndilo lililokuponza. Miaka yako mitatu yote ni ya kweli, ila kila mmoja ni wa tendo lake. Meli ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kuletwa Kigoma kwa reli ya kati, ambayo ilifika hapa mwaka 1914. Iliungwa upya, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe, baada ya kuipaka mitambo yake grisi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi ikiitwa Liemba. Ukurasa ulioandika tu kwamba "ni ya 1913" haukusema uongo. Haukukuambia mwaka huo kilifanyika nini, na wewe hukuuliza.

Kuhusu zile tovuti nne, zifungue tena uziweke sambamba. Ukikuta sentensi ileile na kosa lilelile la tahajia, ujue zimenakiliana, na hapo una shahidi mmoja aliyesimama mara tano. Hata mashahidi wa kweli hutofautiana. Stanley alichapisha kwamba alimkuta Livingstone hapa Ujiji tarehe 10 Novemba 1871, ilhali shajara ya Livingstone, ambaye hesabu ya siku ilikuwa imempotea, inaangukia mwishoni mwa Oktoba. Ukurasa ninaouheshimu ni ule unaoitaja tofauti hiyo.

Dada wa Urambo

Mwaka jana mdogo wangu alijaza fomu ya mkopo wa masomo kwenye tovuti yenye nembo ya taifa na alama ya kufuli, akatuma shilingi 15,000 kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Kufuli lile linaonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani. Halisemi uko na nani. Anwani yake ilikuwa na maneno "go-tz" katikati, lakini mwisho wake ulikuwa ".com". Tangu siku hiyo mimi huamini zinazoishia na .go.tz na .ac.tz peke yake.

Mwalimu wa Historia, Ujiji

Pole sana, dada. Kwa fomu na malipo hiyo ni kinga nzuri. Kwa historia haitoshi, kwani anwani hukujulisha mwenye tovuti ni nani, nayo haikuhakikishii kwamba alichoandika juu ya mwaka 1915 amekichunguza.

Mwanafunzi wa Kigoma

Asanteni sana. Nimezifungua tena zile nne: tatu zina aya ileile neno kwa neno, na zote zimeandika "Papenberg". Nimeiandika upya sentensi yangu hivi: "Meli hii ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikashushwa majini Kigoma mwaka 1915, na ikaanza kuitwa Liemba mwaka 1927 baada ya kuopolewa." Nilitaka kuongeza idadi ya makasha yaliyobeba vipande vyake, lakini nimeikuta mahali pamoja tu, pasipo na jina la mwandishi, kwa hiyo nimeiacha.