Tupeane uzoefu: Harry Potter kitabu cha tano, wasomaji hukwama wapi na hutokaje?

Mwanzisha mada
Wakuu, ile kauli imerudi tena: "Harry Potter ni mtamu hadi cha nne, cha tano ruka." Inauma, maana anayeruka cha tano anaingia cha sita akiwa kipofu. Basi tupeane uzoefu wa usomaji. Mtu hukwama sura ya ngapi, kwa nini, na nini humtoa hapo? Taja sura kabisa, tusiongee hewani. Ambaye hajamaliza apite mbali, humu hakuna siri itakayofichwa.

Naanza. Pa kwanza pa kukwama ni sura ya 5 hadi ya 9. Harry hajafika shule, wako kwenye nyumba ya akina Black, ukoo wa Sirius, baba wa ubatizo wa Harry, wanafuta vumbi na kupiga dawa mapazia. Msomaji aliyesubiri tangu Julai 2000 hadi Juni 2003 alitaka vita, akapewa usafi wa nyumba. Dawa yake ni kuisoma sura ya 6 taratibu, penseli mkononi. Wanapotoa vitu kwenye makabati ya vioo, katikati ya orodha kuna kidani kizito ambacho hakuna anayeweza kukifungua. Kinatajwa mara moja, halafu kinapita. Weka alama hapo.

Sura28
Kidani! Deni la sura ya 6 linalipwa kitabu cha saba. Ongeza na mwenye baa wa sura ya 16, yule mzee wa baa inayonuka mbuzi, usimpite hivihivi.

Bi Mshumaa
Na kabati la kichawi ambalo pacha Fred na George, kaka zake Ron, wanamsukumia mwanafunzi Montague. Sura ya 28, mistari michache tu. Bila hilo kabati, mwisho wa kitabu cha sita hauna mlango wa kuingilia.

Kaka Kurasa
Sawa, lakini tuseme ukweli, shida ya kitabu hiki ni Harry mwenyewe. Sura ya 4 anawafokea rafiki zake Ron na Hermione kwa herufi kubwa ukurasa baada ya ukurasa. Kununa, kufoka, kununa. Wengi wanafungia kitabu pale.

Bi Mshumaa
Kaka, hesabu kwanza ndiyo uhukumu. Juni ameona mwanafunzi mwenzake Cedric akiuawa mbele yake. Akafungiwa kwa mjomba wiki nne bila habari yoyote ya maana, barua za rafiki zake hazisemi kitu kwa amri ya Dumbledore, mkuu wa shule. Tarehe 2 Agosti anavamiwa na Dementa, viumbe wanaonyonya furaha ya mtu, usiku huohuo anaandikiwa kuwa amefukuzwa shule. Ana miaka 15. Ulitaka aingie akisema shikamooni?

Kaka Kurasa
Sijakataa ana sababu, dada. Nasema inachosha kusoma.

Bi Mshumaa
Inachosha kwa sababu imeandikwa ichoshe. Dumbledore hamtazami machoni karibu kitabu kizima, na sababu inaelezwa sura ya 37 peke yake. Hasira ya Harry na uchovu wako vinatoka shimo moja: nyote wawili mmefichwa habari.

Fundi Jalada
Niingilie kwa jambo la mikono. Toleo la kwanza la Uingereza lina kurasa 766, la Marekani 870. Nakala ya jalada laini mara nyingi hufia katikati, kwa sababu mtu anaikunja mgongo siku ya kwanza ili ilale wazi. Gundi inapasuka, kurasa zinaanza kuchomoka. Kitabu kipya kisimamishe kwa mgongo mezani, funua kurasa 20 hivi za mbele, pitisha kidole kando ya mshono, kisha 20 za nyuma, hivyohivyo kwa zamu mpaka zikutane katikati. Ukurasa ukishachomoka usibandike selotepu, inageuka njano na kuvuta karatasi. Tumia gundi nyeupe, mstari mwembamba kama uzi kwenye ukingo wa ndani, rudisha ukurasa, weka karatasi ya nailoni pande zote mbili, kandamiza na vitabu vizito mpaka kesho yake. Gundi ikizidi inatambaa na kushika kurasa jirani.

Sura28
Asante fundi. Sasa ngoja niseme lililonileta, maana hapo juu mmetaja makabati na vidani, na kitu chenyewe kinachoua hamjakitaja. Kile kioo.

Sura ya 24, likizo ya Krismasi imeisha, wanaondoka. Sirius anamvuta Harry pembeni anampa kifurushi kidogo: njia ya kumwita endapo mwalimu Snape atamsumbua. Harry anaapa moyoni kutokitumia, hataki kumtoa Sirius mafichoni. Anakitia mfukoni mwa koti bila kukifungua, na baadaye kinaishia sandukuni. Mwandishi hasemi ndani kuna nini, na msomaji anasahau. Hapo ndipo mtego ulipotegwa.

Sasa fuata hatua. Sura ya 29 Harry anataka kuongea na Sirius kuhusu alichokiona kwenye kumbukumbu ya Snape. Anavunja ofisi ya mwalimu katili Umbridge atumie moto wake, maana wachawi huongea kwa mbali kupitia moto wa jiko, na pacha wanazusha vurugu kumpa nafasi kisha wanaacha shule. Kioo kipo sandukuni. Sura ya 31, katikati ya mtihani wa historia, anapata njozi ya Sirius akiteswa. Watu wazima wameondolewa mmoja mmoja: Dumbledore amekimbia sura ya 27, mwalimu Hagrid amekimbia, mwalimu McGonagall yuko hospitali baada ya kupigwa miali minne ya kuziraisha kifuani. Sura ya 32 anarudi kwenye moto uleule, anamkuta Kreacher, mtumishi wa nyumba ya akina Black, na Kreacher anadanganya. Sirius wakati huo yuko juu orofani anamhudumia mnyama wake Buckbeak, ambaye Kreacher mwenyewe amemjeruhi makusudi. Harry angemwita kwenye kile kioo, Sirius angemjibu dakika hiyohiyo. Safari yote ya London ya kumwokoa, iliyomletea Sirius kifo, isingekuwepo.

Sura ya 38 ndiyo Harry anafukua sanduku. Kioo cha mraba, kichafu, kinaonekana cha zamani. Nyuma kuna maandishi ya Sirius: ni kioo cha pande mbili, taja jina langu. Harry anakisogeza karibu na uso, anaita. Pumzi yake inaweka ukungu juu ya kioo. Anaita tena. Kinachomtazama ni macho yake mwenyewe. Anakirusha sandukuni, kinavunjika.

Watu husema kifo cha Sirius kiko sura ya 35. Sura ya 35 ni mshtuko. Kifo kiko kwenye ule ukungu wa pumzi.

Nyota ya Jioni
Pole kwa wote mliosoma hilo usiku.

Mwanzisha mada
Dah. Na kipande cha kioo hichohicho ndicho kinachomwokoa Harry kitabu cha saba.

Kaka Kurasa
Hapo sina ubishi. Ila kwenye filamu mbona yule mchawi adui, Bellatrix, anamuua Sirius kwa laana ya kifo, waziwazi? Kioo hakipo kabisa.

Sura28
Filamu ya 2007 ni dakika 138 kwa kitabu kirefu kuliko vyote saba, lazima vitu vingi vidondoke. Kwenye kitabu laana haitajwi jina. Mwali wa pili unampiga kifuani, kicheko bado kiko usoni, anaanguka kinyumenyume kupitia pazia lililochakaa la lile tao. Ndiyo maana Harry anaamini atatokea upande wa pili, mpaka Lupin, rafiki wa Sirius, anamshika kwa nguvu. Laana ikitajwa, lile tumaini la sekunde chache linakufa.

Mtunza Rafu
Filamu imebadilisha na msaliti wa kikundi cha siri cha Harry. Kwenye kitabu ni Marietta, rafiki wa Cho, msichana anayependwa na Harry, na uso wake unaota vipele vya kumtangaza. Filamu imemtwika Cho mwenyewe, kwa dawa ya ukweli. Cho kaonewa.

Nyota ya Jioni
Ushauri kwa anayeanza: sura ya 30, ya lile jitu Grawp, ruka. Haina kazi.

Mtunza Rafu
Usiruke! Nyota, unampoteza mtu. Sura ya 33 Grawp ndiye anayetawanya sentauri waliomzunguka Harry na Hermione. Anapigwa mishale, damu yake inawamwagikia wale wawili, na harufu ya damu ndiyo inayoleta wale farasi wenye mabawa wanaowabeba hadi London. Ondoa sura ya 30, huna usafiri.

Nyota ya Jioni
Nimeondoa kauli.

Fundi Jalada
Kwa wanaowasomea watoto: sura ziko 38, mbili kila usiku ni usiku 19. Ila kuanzia ya 31 usihesabu, soma mfululizo mpaka ya 36.

Bi Mshumaa
Mimi nasema kinyume. Simama mwisho wa 35, zima taa, mtoto alale nalo. Anayeunganisha 35 na 36 usiku mmoja anamuona Dumbledore akipambana na Voldemort, adui mkuu, anasahau kulia. Na kalamu ya Umbridge, sura ya 13, msimulie mdogo kwanza kabla ya kumsomea. Maneno yanayochanika mkononi kila anapoandika yanatisha kuliko mazimwi yote, hasa kwa mtoto wa bweni anayejua mwalimu wa adhabu.

Msomaji Mpya
Samahani wakubwa, najua mmekataza ila nimeshachungulia yote. Niko sura ya 23, hospitalini. Neville, mwanafunzi mwenza wa Harry, amepewa na mama yake mgonjwa karatasi tupu ya bazoka, bibi yake anasema itupe. Ina maana gani baadaye?

Sura28
Rudi mstari wa mwisho wa lile tukio, mdogo wangu. Tazama mkono wa Neville unaenda wapi na ile karatasi.

Msomaji Mpya
Mfukoni.