Naomba ushauri: mahitaji ya mwezi, Kariakoo au supamaketi yenye punguzo?

Habari zenu wakuu. Naishi Mbagala, familia ya watu sita. Mshahara ukitoka nanunua vitu vya mwezi supamaketi moja kubwa yenye punguzo. Juzi nimekuta sabuni ya unga yenye kibandiko chekundu cha ofa, mfuko wa gramu 900, bei ileile ya mfuko wa kilo moja uliokuwa pembeni yake! Sasa napiga hesabu ya bei kwa kilo, na kidogo naokoa. Kariakoo dumu la mafuta la lita 20 ni nafuu zaidi, ila bajaji ya kurudisha mzigo inakula faida yote. Wenzangu, vitu gani mnachukua jumla na vipi mnaacha? Na kuchanga na majirani tukagawana dumu, kunalipa kweli?