Tupeane uzoefu: baridi ya mgongoni kwenye bembea, unaizuiaje bila kuumiza mfuko?

Mti na Mti

Wakuu, salaam. Baridi ikikaribia, wengi wanaopenda kulala kwenye bembea, kile kitambaa kinachofungwa kati ya miti miwili, huzikunja na kuzirudisha kabatini, na malalamiko ni yale yale: mgongo. Mtu kajifunika mablanketi mawili, kavaa sweta na kofia, kifua kina joto safi, lakini ikifika saa tisa usiku mgongo na makalio vimeganda. Anaamua anahitaji mfuko wa kulalia wa bei kubwa zaidi, hela hana, basi anaacha. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi mfuko alionao unatosha.

Kinachotunza joto ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi au manyoya. Ukiulalia mfuko unaikamua hewa yote, upande wa chini kinabaki kitambaa kitupu, na chini ya kitambaa hicho upepo unapita unavyotaka. Ndiyo maana nasema hela ya kwanza, hata iwe ndogo vipi, iende chini ya mgongo. Juu jifunike chochote kilichopo nyumbani.

Mimi natumia mkeka wa sponji ngumu, ule usionyonya maji. Shida yake ni upana. Mingi ina sentimita 50 hivi, na bembea inakukumbatia mabega, kwa hiyo mabega yanatoka nje ya mkeka na kugusa kitambaa. Nilichukua mkeka mwingine mkuukuu, nikakata kipande cha kama mita moja, nikakikingamisha usawa wa mabega kikawa mabawa mawili. Nilitoboa matundu kwenye kingo na kuviunganisha kwa kamba ya mpira badala ya gundi, ili mabawa yajikunje pamoja na mwili na yasikatike. Baridi ikizidi naongeza mkeka wa pili juu ya wa kwanza, maana uwezo wa mikeka kuzuia baridi unajumlishwa: miwili yenye thamani ya R (kipimo cha uwezo huo) ya 2 kila mmoja inakupa 4.

Haya, nanyi mwageni yenu. Wenye vipimo vaeni tochi mpime, wengine watafaidika.

Fundi Sindano

Mkeka sikuupenda, unateleza na jasho halina pa kwenda. Nilitengeneza blanketi la chini, lile linaloning'inia nje ya bembea ili usilikandamize. Nilitumia duveti ya polista ya kitanda cha mtu mmoja iliyokuwa imekaa tu. Nilikunja kingo mbili ndefu, nikazishona ziwe kama mfereji, nikapitisha kamba ya mpira kila upande na kuifunga kwenye ncha za bembea. Kazi ya jioni moja.

Kushona ni rahisi kuliko kulining'iniza sawasawa. Likilegea, kunatokea pengo kati yake na mgongo, upepo unaingia humo na ni kama hukuweka kitu. Likikazwa sana, linabanwa na hewa inatoka, umerudi kule kule. Njia yangu: nalala ndani, halafu mwenzangu anapitisha kiganja kati ya bembea na blanketi. Kiganja kiguse pande zote mbili bila kusukumwa. Kwenye ncha za kichwani na miguuni huwa pana mdomo wazi, hapo naweka kamba ya kukaza kama ya mfuko wa suruali ya michezo. Ncha hizo mbili ndizo zilizonipa tofauti kubwa kuliko unene wa duveti yenyewe.

Usipokuwa na cherehani, weka kokoto laini ndani ya kila pembe ya duveti, ifunge kwa nje kwa kamba, halafu kamba hiyo ndiyo unayofunga kwenye bembea. Kitambaa hakitoboki. Hasara ya polista ni ujazo, inajaza begi. Lakini ikilowa haisinyai kama manyoya ya bata, na hilo kwangu lina thamani.

Shuka Zito

Mimi sina duveti ya kukata wala muda wa kushona. Nina mfuko wa kulalia wa kawaida, wa umbo la mstatili, zipu yake inafunguka hadi miguuni. Naipitisha bembea ndani ya mfuko: ncha moja inatokea kichwani, nyingine kwenye tundu la miguuni, kisha naingia na kufunga zipu kutoka ndani. Mfuko unanizunguka mimi pamoja na bembea, upande wa chini unaning'inia na kutuna badala ya kubanwa. Ncha nazifunga kwa kamba za viatu. Sijanunua kitu chochote.

Kwa kifuani panabaki nafasi kubwa yenye ubaridi, kwa hiyo ndani najifunika blanketi jembamba. Na uso uwe nje. Ukipumulia ndani, mvuke wote unaishia kwenye nyuzi na alfajiri mfuko una unyevu.

Mgeni wa Msitu

Naomba kuuliza. Lile blanketi jembamba la dharura linalong'aa, mbona watu wanalisifu sana? Nililitandika chini yangu ndani ya bembea, usiku kucha likawa linapiga kelele, na asubuhi shati lilikuwa limeloa.

Fundi Sindano

Mgeni, lile ni plastiki iliyopakwa alumini, teknolojia ya NASA ya mwaka 1964. Kazi yake ni kurudisha joto linalosafiri kama mionzi. Likigusana na mwili halina hewa ya kushikilia, joto linapita humo humo kwa kugusana, na halipitishi mvuke, ndiyo maana uliloa. Lining'inize nje, kati ya bembea na blanketi la chini, liwe na nafasi kidogo. Hapo linazuia upepo vizuri, ila ulikague asubuhi, unyevu hukusanyika upande wako.

Shuka Zito

Naomba nipingane kidogo na Fundi. Kuliko hilo, tafuta kizuia jua cha kioo cha mbele cha gari, kile chenye viputo ndani. Viputo ndivyo hewa yenyewe, halafu kwa upana kinafunika mabega yote mawili. Ndani ya bembea kinafaa. Peke yake kwenye baridi kali hakitoshi, lakini juu ya mkeka mwembamba nimekiona kikifanya kazi.

Upepo Mbishi

Mmesahau mahali pa kufunga bembea, na hapo hakuna gharama. Hewa baridi ni nzito, usiku inateremka na kutuama bondeni na kando ya mito. Panda mteremko kidogo tu, usifike kileleni kwenye upepo. Siku moja tulifunga bembea mbili, ya rafiki yangu karibu na kijito, yangu juu yake kwenye miti. Asubuhi turubai lake lilikuwa na umande wa kuganda, langu lilikuwa limelowa tu.

Turubai lenyewe nalishusha mpaka linakaribia bembea, upande wa upepo likigusa ardhi. Upepo ukishazuiwa, kile kimkeka chako cha bei rahisi kinaanza kufanya kazi yake.

Bi Thermosi

Chupa ya maji moto, jamani! Chupa ngumu isiyovuja, ijazwe maji ya moto, ikazwe kifuniko na kugeuzwa juu chini kwanza kuhakikisha. Naivika soksi ya sufu na kuibana katikati ya mapaja, palipo na mishipa mikubwa ya damu. Ikipoa kiasi naisogeza miguuni. Asubuhi nina maji ya kunywa ambayo hayajaganda.

Na kabla ya kulala nabadilisha kila kilichogusa jasho, hasa soksi. Maji yanapitisha joto kama mara 25 kuliko hewa, sasa fulana ya pamba iliyoloa ni adui. Nakula kitu chenye mafuta, natembea kidogo mpaka damu ichemke, ndipo naingia. Mfuko hautengenezi joto, unatunza lile unaloingia nalo. Pombe naiacha kabisa. Inafungua mishipa ya ngozi, unajisikia moto huku joto la ndani linatoka.

Mwokozi Milimani

Nawaomba msome hili kwa makini. Msiingize jiko la mkaa, la gesi wala makaa ya moto chini ya turubai mliloshusha pande zote. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, aliyelala haamki. Bembea na turubai za nailoni zinayeyuka kwa cheche, moto uwe mbali, tena uwe upande ule upepo unakoelekea.

Mjue pia dalili. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 mtu anatetemeka, ulimi unakuwa mzito, vidole vinashindwa kufunga zipu. Akiacha kutetemeka bila kupata joto, hali imekuwa mbaya zaidi, msifurahi. Mtoeni kwenye bembea, mvueni nguo zilizoloa, mlazeni juu ya mikeka yote mliyonayo, mfunikeni pamoja na kichwa, kisha tafuteni msaada.

Mti na Mti

Asante Mwokozi, hilo ningeomba kila mmoja alisome mara mbili.

Mgeni wa Msitu, kama bembea yako ina kitambaa cha tabaka mbili, ingiza mkeka katikati ya tabaka hizo, hautateleza. Kisha lala mshazari, kichwa upande mmoja na miguu upande mwingine wa mstari wa katikati. Mgongo unanyooka na mabega hayabanwi sana na kitambaa. Ufanye majaribio karibu na nyumba kwanza, usiku wenye upepo, uwe unaweza kuingia ndani ikishindikana. Ukishajua sehemu gani ya mwili inaganda mapema, rudi utuambie, tutajua tukuongezee nini hapo.